Baiyun: nilijiandaa kwa soko, sikujiandaa kwa uwanja wa ndege

Daftari la safari yangu ya kwanza China ninalo mpaka leo. Kurasa kumi na mbili zimejaa soko: bei za kava za simu kwa mia, aina za chaja ambazo wateja huzirudisha, ghorofa za kupita pale Nanfang Dasha, lile jengo la soko la vifaa vya simu, namna ya kuhesabu CBM, yaani mita za ujazo, za katoni. Uwanja wa ndege wa Guangzhou, Baiyun, niliuandikia mstari mmoja tu: "Ukifika Baiyun chukua teksi, sema Xiaobei." Xiaobei ni mtaa wa mjini wanakofikia Waafrika wengi. Mstari huo ulinigharimu zaidi ya shilingi laki tisa za Tanzania, na usiku mmoja ambao nikiukumbuka moyo bado unanienda mbio.

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu wa Kariakoo, wa Mwanjelwa, wa Kamukunji au wa Goma ambaye ameshakusanya mtaji, viza imetoka, na sasa kila anayekutana naye anamweleza habari za viwanda na bei. Hizo atazipata nyingi. Za pale mlangoni pa kuingilia na kutokea hupewi mpaka zikukute.

Nianze na nililolifanya vizuri, kwa sababu lilikuja kuniokoa mwishoni. Nilikuwa na dola 11,000 taslimu. Elfu nne zangu, elfu tano mkopo wa kikoba, elfu mbili za jirani yangu wa duka aliyenituma mzigo wake. Mama mmoja wa Mtaa wa Aggrey, ambaye ameenda Guangzhou mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, aliniita dukani kwake akaniambia: "Mwanangu, pesa usiifiche. Itangaze hapa, itangaze na kule." Kwetu Tanzania ukitoka na dola 10,000 au zaidi unatakiwa kuzitangaza forodha, nami nikafanya hivyo pale Julius Nyerere kabla ya kupanda ndege. China kiwango chao ni kidogo zaidi: ukiingia na fedha za kigeni zinazozidi dola 5,000 unatakiwa kutangaza.

Tulitua Baiyun Jumapili jioni, tarehe 14 Aprili 2024. Kesho yake maonyesho ya biashara ya Canton yalikuwa yanafunguliwa. Hayo maonyesho yapo tangu 1957, mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, na kila yanapokaribia, uwanja mzima hujaa wafanyabiashara wa dunia nzima wakiwa na mabegi matupu. Mimi sikulijua hilo nilipokata tiketi. Niliona tu tarehe yenye bei ninayoimudu. Kama huendi kwenye maonyesho yenyewe, fika wiki moja kabla au baada, maana hata vyumba vya hoteli siku hizo hupanda bei.

Kutoka kwenye ndege mpaka uhamiaji ni mwendo. Baiyun si uwanja wa kuona mlango wa kutokea ukiwa bado umeshika mkoba. Mwaka 2020, dunia ilipofungwa na korona na viwanja vingine vikawa vitupu, huu ndio ulioongoza duniani kwa idadi ya abiria, zaidi ya milioni 43. Vaa viatu vya kutembelea. Miguu ilikuwa imenivimba kwa safari ndefu, nami nilikuwa nimevaa viatu vya kutokea.

Kabla ya dirisha la uhamiaji kuna mashine za alama za vidole. Unaweka pasipoti, unaweka vidole, inakupa kikaratasi. Hapo hakuna tabu. Tabu ilianzia kwenye fomu ya kuingilia: namba ya ndege, sababu ya safari, na anwani ya mahali utakapolala. Anwani ya hoteli nilikuwa nimetumiwa kwa WhatsApp. Barua ya mwaliko ya kampuni iliyoniombea viza ilikuwa kwenye Gmail. Nikajiunga na intaneti ya uwanja, nikafungua WhatsApp. Ikazunguka, ikazunguka. Nikafungua Gmail, vilevile.

Nilikuwa nimesikia kwamba China wamefunga Google, WhatsApp, Facebook na Instagram. Kila mtu amesikia. Lakini kusikia na kusimama kwenye foleni ukiwa huna hata jina la hoteli ni vitu viwili tofauti. Nilipofika dirishani sehemu ya anwani ilikuwa tupu. Afisa akaniuliza kwa Kiingereza ninalala wapi. Nikasema Xiaobei. Akauliza hoteli gani. Nikamwonyesha simu inayozunguka. Akaniomba nisubiri pembeni, kwenye viti.

Hapo ndipo hofu ilipoingia. Hadithi za watu waliorudishwa na ndege ileile waliyojia zipo nyingi Kariakoo, na kila moja ilipita kichwani mwangu. Niliwaza wanachama wa kikoba. Niliwaza nitamwambia nini jirani yangu. Pembeni yangu aliketi mama mmoja Mkenya, mfanyabiashara wa Nyamakima, akimsubiri mwenzake aliyekuwa bado kwenye foleni. Akaniona nahangaika, akaniuliza kwa upole, "Shida ni gani, msichana wangu?" Nikamweleza. Akatoa simu yake. "Laini yangu ni ya nyumbani na ina romingi, kwa hivyo WhatsApp inafanya. Ngoja nikufungulie hotspoti."

Maelezo ya jambo hilo ni rahisi, na ningependa kila msafiri ayajue kabla hajaondoka. Intaneti ya uwanja au ya hoteli ni ya China, kwa hiyo yaliyofungwa China yamefungwa na kwako. Ila laini ya nyumbani iliyowashwa romingi huyapitisha mawasiliano yako kwenye mtandao wa nyumbani, kwa hiyo WhatsApp na Gmail vinafunguka kama uko Dar. Ni ghali, hivyo uitumie kwa dharura tu. Nenda duka la kampuni yako ya simu kabla ya safari, waambie wakuwashie, na uweke salio. Ndani ya dakika mbili barua ya mwaliko na anwani vilifunguka. Nikamwendea afisa, akasoma, akaniuliza maswali matatu kuhusu bidhaa ninazofuata, akagonga muhuri. Nilipogeuka kumshukuru yule mama alikuwa ameshakwenda. Hata jina sikumuuliza, na mpaka leo linaniuma.

Siku hizi nasafiri na karatasi. Barua ya mwaliko, tiketi ya kurudi, hoteli iliyolipiwa pamoja na anwani yake kwa maandishi ya Kichina na namba ya simu ya mapokezi, kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, yote yamechapishwa na kuwekwa kwenye bahasha moja ndani ya mkoba wa mkononi. Karatasi haihitaji intaneti wala chaji.

Kisha forodha. Kuna njia ya kijani kwa asiye na cha kutangaza, na nyekundu kwa mwenye nacho. Baada ya yaliyonikuta uhamiaji miguu iliniambia niende kijani nipotelee kwenye kundi. Nikamkumbuka yule mama wa Aggrey, nikaenda nyekundu. Nikajaza fomu, wakahesabu, wakagonga muhuri, wakanipa nakala. Haikuchukua hata robo saa. Nakala hiyo niliikunja nikaiweka ndani ya pasipoti. Kaa ukiikumbuka.

Nikatoka ukumbini nikiwa sina yuan hata moja. Nikabadilisha dola 200 kwenye kibanda cha uwanjani, na kati ya kiwango chao na makato yao nikaona wazi kuwa ningeenda benki mjini kesho yake ningepata zaidi. Badilisha kidogo tu pale uwanjani, ya kukufikisha hotelini. Na pesa taslimu yenyewe China unaitumia mara chache. Watu wanalipa kwa programu za simu, Alipay na WeChat, kuanzia soko kubwa mpaka muuza machungwa. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard kwenye programu hizo. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato, yanayozidi hapo yanakatwa asilimia 3. Lakini fanya yote hayo ukiwa nyumbani. Benki itakutumia namba ya siri kwa ujumbe, na kama laini yako haishiki kule, namba hiyo hutaiona. WeChat nayo inaweza kukutaka mtu ambaye tayari anaitumia akudhamini ndipo akaunti ifunguke. Kariakoo watu hao wapo. Saa mbili usiku ukumbini Baiyun, mimi sikumpata.

Kwa hiyo nilikuwa nimesimama na yuan mkononi, nimechoka, sina programu ya kuitia gari, ndipo akaja mwanaume mmoja mwenye kadi shingoni. "Taxi? Xiaobei? My friend, come." Alijua kabisa ninakokwenda, maana Waafrika wengi wanakwenda huko. Nikamfuata mpaka kwenye maegesho ya chini. Gari halikuwa na mita wala alama ya teksi. Nililiona hilo, nikapanda. Tulipofika aliniambia yuan 400, na begi langu alikuwa amelishikilia kwenye buti. Nikalipa.

Siku nyingine nilipopanda teksi yenye mita kati ya Xiaobei na uwanja, pamoja na tozo ya barabara, haikufika 140. Kwa treni ya chini ya ardhi ni chini ya yuan 10. Uwanja uko kaskazini mwa jiji, kama kilomita 28 kutoka katikati. Ule wa zamani uliokuwa karibu na mji ulifungwa 2004, siku huu mpya ulipofunguliwa, tarehe 5 Agosti. Ni umbali huo unaowapa mwanya watu kama yule. Foleni rasmi ya teksi ipo nje, ina alama, ina wasimamizi, na hakuna dereva wa kweli anayekufuata ndani ukumbini. Anayekufuata ndiye wa kumkimbia.

Ukitaka treni kutoka majengo ya T1 na T2, ni Laini ya 3. Panda mpaka Jiahewanggang, badilisha uende Laini ya 2 mpaka Guangzhou Railway Station, badilisha tena Laini ya 5, kituo kimoja tu uko Xiaobei. Maandishi ya herufi zetu yapo kila mahali na matangazo yanasomwa kwa Kiingereza. Mabegi yanapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanjani. Karibu saa tano usiku treni zinakwisha, kwa hiyo kama ndege yako inatua usiku wa manane usiipangie safari hiyo.

Siku kumi na mbili za katikati nitazipita haraka. Hoteli iliniandikisha polisi kwa pasipoti yangu, kama inavyotakiwa kwa kila mgeni. Kama utalala kwa ndugu au rafiki ni wewe unayetakiwa kwenda kujiandikisha kituo cha polisi ndani ya saa 24, usilipuuze hilo. Nilizunguka Nanfang mpaka wauzaji wakanizoea. Nilipata kava nzuri. Muuzaji mmoja wa spika alinionyesha sampuli, kisha akagoma kuniandikia kwamba mzigo utafanana na hiyo sampuli, nikamwacha. Kwa sababu hiyo nikabaki na dola 5,900 ambazo sikuzipangia kurudi nazo.

Na nilinunua pawabenki 30 za majaribio, yuan 42 kila moja. Nilitaka kuzipima kwa wateja kabla ya kuagiza katoni. Wakala wa mizigo alinieleza kuwa vitu vyenye betri vinakwenda kwa utaratibu wake, havichanganywi na kava. Nikasema nitarudi kesho kupanga. Niliamini ninayo kesho.

Ijumaa tarehe 26 Aprili Muungano wetu ulitimiza miaka 60. Watanzania kadhaa tulikutana kwenye mgahawa mmoja Xiaobei, tukala wali na samaki, tukawa tunatazama picha za sherehe kwenye simu ya aliyekuwa na mtandao. Ilikuwa saa moja na nusu jioni. Kaka mmoja, anayeishi huko kwa masomo, akaniuliza, "Unaondoka lini, dada?"

"Kesho usiku."

"Tiketi inasemaje?"

"Tarehe 27, saa sita na robo usiku."

Akaweka kijiko chini. "Dada, hiyo ni leo."

Nikamwambia hapana, leo ni tarehe 26. Akaniomba tiketi. Imeandikwa 27 APR, 00:15. Akanielekeza kwa kidole: tarehe 27 inaanza usiku huu saa sita. Ndege inaruka dakika kumi na tano baada ya kuanza. Kesho usiku saa sita na robo ni tarehe 28.

Nimelifikiria sana kosa hili. Bibi yangu wa Bagamoyo asingelifanya. Kwake yeye usiku wa Jumamosi ni ule unaoanza Ijumaa jua likizama, na ungemwambia ndege inaondoka usiku wa Jumamosi angekuwa uwanjani Ijumaa jioni. Sisi tuliosoma tumeiacha hesabu ya wazee na ya saa ishirini na nne hatujaizoea, tunabaki katikati. Ndege nyingi za kurudi kwetu zinaondoka Guangzhou usiku wa manane, kwa hiyo hili linaweza kumkuta yeyote. Ukiona kwenye tiketi saa inaanza na 00 au 01, rudi nyuma siku moja, ndiyo siku yako ya kutoka hotelini.

Nilikimbia. Yule kaka akaja nami akanisaidia kufunga. Tulitupa kila kitu ndani ya mabegi bila kupima, na pawabenki zote 30 nikazifukia kati ya nguo kwenye begi kubwa ili zisivunjike. Viberiti vya gesi dazeni moja, navyo sampuli, nikavisokota kwenye soksi. Saa mbili na nusu nilikuwa kwenye teksi. Mara hii ilikuwa na mita.

Dereva aliniuliza kitu kwa Kichina, nikaitikia kwa kichwa. Sasa najua aliuliza jengo gani. Akanishusha T2, jengo kubwa lililofunguliwa 2018. Ndege yangu ilikuwa T1. Niliangalia ubao mara tatu, namba ya ndege yangu haimo, nikaanza kulia nikiwa nimesimama. Msichana wa meza ya maelezo akachukua tiketi yangu, akaniandikia "T1" kwenye karatasi na kunielekeza ngazi za kwenda kwenye treni. Kutoka kituo cha Jichang Bei mpaka Jichang Nan ni kituo kimoja, Laini ya 3 ileile. Nikaburuza mabegi mawili na mkoba, nikapita ukaguzi wa treni, nikafika T1 saa nne kasoro dakika chache.

Sasa hivi kuna na T3, iliyofunguliwa tarehe 30 Oktoba 2025 pamoja na njia ya tano ya kurukia. Majengo yamekuwa matatu, na mashirika ya ndege huhamishwa. Usimsikilize aliyekwenda mwaka juzi, hata mimi usinisikilize. Angalia tiketi yako siku ya safari, kisha mwonyeshe dereva maandishi "T1", "T2" au "T3" kwenye simu kabla gari halijaondoka.

Kwenye kaunta niliruhusiwa mabegi mawili ya kilo 23. Moja lilisoma 31, jingine 28. Kilo 13 zimezidi. Nikayafungua sakafuni mbele za watu, nguo zangu za ndani zikiwa nje, nikatoa nilivyoweza, na bado nikalipa yuan 1,150. Mzani mdogo wa kuning'iniza begi unauzwa Guangzhou kwa bei ya chakula cha mchana. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeununua, nimeupakia ndani ya begi.

Nikadhani nimemaliza. Yule wa kaunta akaniambia nisiondoke, nisubiri begi lipite kwenye mashine. Dakika chache baadaye wakaniita chumba cha ukaguzi.

Askari aliyekuwa zamu alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Aliweka begi langu mezani, akaniomba nifungue. Akazitoa pawabenki moja moja, akazipanga mistari mitatu ya kumi kumi. Akaongea na simu yake, simu ikatafsiri kwa Kiingereza: betri hizi haziruhusiwi ndani ya begi la chini ya ndege kwa sababu zinaweza kuwaka moto. Nikamwambia nitazibeba mkononi. Akatikisa kichwa. Za matumizi yako mwenyewe, sawa. Thelathini ni bidhaa.

Akazikagua. Nyingine hazikuwa na maandishi yanayoonyesha uwezo wake, hizo haziruhusiwi kabisa hata ikiwa moja. Viberiti navyo haviruhusiwi kokote, mkononi wala begini. Akaniuliza kama nina mtu wa kumwachia. Yule kaka alikuwa amebaki Xiaobei, na saa ilikuwa inakimbilia tano. Nikasema sina. Akaniachia mbili zenye maandishi. Ishirini na nane zikabaki mezani. Hakunikaripia hata mara moja. Aliponiona nimeishiwa nguvu alinisogezea kiti, akanipa tishu, kisha akanisaidia kufunga zipu. Nimekutana na maafisa wakali sehemu nyingi ambao wangenifanyia mengine.

Hesabu yake ni hii, na mwenye duka la simu anapaswa kuijua kwa moyo. Chukua mAh, ule uwezo ulioandikwa kwenye betri, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000, unapata saa-wati, kipimo wanachokitumia watu wa ndege. Ya mAh 20,000 ni 74. Ya mAh 30,000 ni 111. Mpaka 100 unapanda nayo mkononi bila kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 mpaka shirika la ndege likubali. Zaidi ya 160 haipandi. Zote ni za mkoba wa mkononi, na maandishi ya uwezo yawe yanasomeka. Tangu tarehe 28 Juni 2025, kwenye ndege za ndani ya China pawabenki lazima iwe na alama ya 3C, ile ya usalama ya China, kwa hiyo anayetoka Guangzhou kwenda Yiwu au Beijing kwa ndege aiangalie hiyo yake kabla. Sampuli za biashara mpe wakala, hata kama ni tano.

Nikafika forodha ya kutokea nikiwa sina machozi tena. Mkoba ukapita kwenye mashine, afisa akaonyesha bulungutu kwenye skrini. Dola 5,900. Kutoka nje na zaidi ya dola 5,000 unatakiwa kuonyesha fomu uliyotangazia ulipoingia, au kibali. Nikafungua pasipoti, nikakunjua ile nakala ya siku ya kwanza: niliingia na 11,000, nimetangaza, muhuri huu hapa. Akaisoma, akanirudishia, akanipungia mkono nipite. Nikapumua. Kama siku ile ningepita njia ya kijani, sijui fedha ya kikoba ningeiacha kwenye mikono gani.

Ukaguzi wa mwisho walimwaga maji yangu. Chupa tupu unaruhusiwa kuingia nayo, na ndani kuna mabomba ya maji ya kunywa, ya moto na ya kawaida. Nikajaza, nikaketi karibu na geti, nikatoa daftari nikaandika hesabu. Gari la mgeni asiyejua, yuan 270 za ziada. Uzito, 1,150. Pawabenki 28, yuan 1,176. Jumla 2,596, ambayo kwa kiwango cha wiki ile ilizidi laki tisa na ishirini za kwetu. Nilipofika nyumbani nililisoma ukurasa ule mbele ya wanachama wa kikoba, kila mstari, hata wa pawabenki. Mwenyekiti aliniuliza swali moja tu, kama nitakwenda tena. Nikasema ndiyo, wakanipa muda zaidi wa kurejesha.

Nimerudi Guangzhou mara tatu tangu wakati huo. Bahasha yangu ya karatasi imechakaa pembeni. Pale kwenye foleni ya uhamiaji huwa nawaangalia wanaotikisa simu zao, na romingi yangu huwa tayari imewashwa.

Mwezi ujao anakwenda shoga yangu anayeuza vioo vya simu, safari yake ya kwanza. Jana alikuja dukani na tiketi. Ya kurudi inasema Ijumaa, 00:15. Nimechukua kalamu nyekundu, nikaandika juu yake kwa herufi kubwa: TOKA HOTELINI ALHAMISI SAA KUMI NA MBILI JIONI. Akaniangalia akasema, "Lakini ndege ni Ijumaa." Nikamwambia aketi, nikafunga mlango wa duka.